Simama Karibu na Kamba

Mwaka juzi dada yangu alikuja Florida kutoka Mwanza na wanawe wawili, na siku ya tatu ya matembezi tukajikuta mbele ya ukuta wa mbao uliopakwa kijani kilichopauka, tukitazama rola kosta mpya ikipita juu ya vichwa vyetu bila mtu hata mmoja ndani yake. Siku ya ufunguzi ilikuwa imetangazwa, bado wiki mbili. Treni ikapita tupu mara nne, mara tano. Ya sita ikapita imejaa watu wenye beji za kazi shingoni, wakipiga kelele za furaha ambazo si za kikazi hata kidogo. Kwenye benchi la jirani alikaa bibi mmoja wa Kimarekani, kofia ya majani kichwani, anafuma soksi. Akatuambia bila kuinua macho, "Msiende mbali."

Tukaenda mbali. Watoto walikuwa na njaa, dada amechoshwa na jua, nami nilijiona mwenyeji anayejua kila kitu. Tuliporudi baada ya dakika hamsini, pale ukutani palikuwa na mlango wazi, na mhudumu alikuwa anarudisha kamba mahali pake. Watu walishaingia, wakapanda, wakatoka. Bibi yule alikuwa anakunja uzi wake, kofia kaishika mkononi, nywele zimemsimama kwa upepo. Mpwa wangu mkubwa hakunisemesha mpaka usiku.

Tulichokikosa siku ile mimi hukiita ufunguzi wa kimyakimya. Bustani ya burudani inapokuwa na mchezo mpya, hutangaza tarehe rasmi, hualika waandishi wa habari, hurusha fataki. Lakini siku au wiki kadhaa kabla ya hapo, bila tangazo lolote, kamba huondolewa kwa saa moja au kwa mchana mzima, na yeyote aliyepo mle ndani na tiketi yake ya kawaida anaweza kupanda. Kisha kamba hurudi. Kesho yake huenda ikaondolewa tena, huenda isiondolewe. Kampuni ya Universal huuita mazoezi ya kiufundi, na jina hilo huandikwa kwenye kibao kidogo langoni ili usije ukadai kwamba hukuambiwa.

Usichanganye jambo hili na mawili mengine yanayofanana nalo. Kuna siku za wafanyakazi na jamaa zao, ambazo hazikuhusu. Na kuna siku za mwaliko kwa wenye kadi za mwaka, kama zile za Februari na Machi 2023, kabla rola kosta ya TRON pale kwenye bustani ya Magic Kingdom haijafunguliwa rasmi tarehe 4 Aprili. Siku hizo zina majina kwenye orodha na saa ya kufika. Ukijipitisha pale na tiketi ya siku moja utarudishwa kwa tabasamu zuri sana. Wa kimyakimya ndio pekee usiouliza wewe ni nani.

Kwa nini wanafanya hivyo? Itazame tarehe 17 Julai 1955, siku Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, mbele ya kamera za televisheni. Waliingia watu takribani 28,000, wengi wao kwa tiketi za kughushi. Jua lilikuwa kali, lami ilikuwa mbichi, visigino vya akina mama vikazama ndani yake. Mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, kwa hiyo mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa machache, na wageni wakalalamika kwamba wanafichwa maji ili wanunue soda. Baadhi ya michezo ikaharibika siku hiyohiyo. Mwenye biashara yeyote akiisoma habari hiyo ataona afadhali makosa ayafanye mbele ya watu mia tatu wasioalikwa kuliko mbele ya taifa zima.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo itakayokusaidia kupanga siku yako. Mashine hujaribiwa kwa miezi, treni ikizunguka na vinyago vya plastiki vilivyojazwa maji ili vilingane na uzito wa binadamu. Vinyago ni abiria wazuri mno. Havisahau miwani, havigombei kiti cha mbele, haviahirishi dakika ya mwisho kwa hofu, wala havina mtoto anayelia. Tuseme treni ina viti 24 na imepangwa iondoke kila baada ya sekunde 75: hao ni watu 1,152 kwa saa. Wakija abiria wa kweli, na kila treni ikachelewa mpaka dakika mbili, idadi inashuka hadi 720, na foleni iliyotarajiwa kuwa ya saa moja inapita saa moja na nusu. Tofauti hiyo haijulikani kwa hesabu za ofisini. Inajulikana kwa kukuleta wewe na begi lako, na kuwaacha vijana wapya wa kazi wajifunze kufunga mikanda yako haraka. Kwa maneno mengine, mle ndani wewe ndiye kifaa cha majaribio, na hakuna anayekudai wala unayemdai.

Dada aliniuliza swali ambalo kila mzazi huuliza: kama ni majaribio, kuna usalama? Majaribio ya mitambo na ukaguzi wa breki huwa yameshapita kabla kamba haijaondolewa; kinachopimwa ni mwendo wa watu. Hata hivyo ujue kwamba Florida ina utaratibu wake: bustani kubwa zenye wafanyakazi 1,000 au zaidi na wakaguzi wao wa kudumu zimesamehewa ukaguzi wa jimbo, kwa hiyo saini iliyoruhusu ni ya kampuni yenyewe. Mimi hupanda. Usishtuke mchezo ukisimama njiani. Reli za rola kosta zimegawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu. Kitambuzi kimoja kikitilia shaka, kila kitu husimama. Utashuka kwa ngazi za pembeni, utapewa maji, utatolewa nje. Mchezo uliosimama kwa shaka umefanya kazi yake, ingawa sikutarajii uamini hivyo ukiwa juu kule.

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu mambo haya umetoka kwa watu wanaoishi dakika ishirini kutoka langoni. Wana kadi ya mwaka. Wakikosa leo, watarudi Alhamisi. Wewe umesubiri miadi ya viza, umelipa nauli ya kupitia Doha au Amsterdam, na tiketi ya siku moja ya mtu mzima hupita dola 100. Bibi wa soksi anaweza kukaa benchi saa nne kwa sababu ameshapanda kila kitu kingine mara arobaini. Wewe ukikaa naye, umekula siku moja nzima ya safari ambayo pengine haitarudiwa. Usiache mbachao kwa msala upitao: michezo iliyo wazi tayari, ambayo wanao hawajawahi kuiona, ndiyo mbacha wako, na si mbacha mbaya.

Kwa hiyo panga safari kana kwamba ufunguzi wa kimyakimya haupo duniani. Andika kila siku itakuwa na nini, kisha uache nafasi mbili za nusu saa zisizo na kitu, moja kabla ya saa sita mchana na nyingine alasiri, na nafasi hizo uzitumie karibu na mchezo mpya. Kama kuna mkahawa jirani na ukuta ule wa kijani, chakula cha mchana kileni hapo. Kama kuna onyesho la wazi, lisubirini hapo. Sisi siku ile tulikwenda kula upande wa pili wa bustani, dakika kumi na tano kwa mguu, kwa sababu nilitaka kumwonyesha dada samaki wa kukaanga wa mahali fulani. Samaki wenyewe walikuwa wa barafu.

Jambo lenye uzito kuliko yote ni tarehe ya kufika. Watu wengi hupanga waje mara tu mchezo ukishafunguliwa, na huo ndio wakati mbaya kupita wote. Juni 13, 2019, mchezo wa pikipiki za Hagrid ulifunguliwa kwenye bustani ya Islands of Adventure, Orlando, bila umma kuonjeshwa kabla. Siku hiyo ya kwanza foleni ilifika saa kumi. Simaanishi alasiri, namaanisha kusimama saa kumi. Kwa wiki zilizofuata mchezo ulikuwa ukianza kazi mchana badala ya asubuhi, kwa sababu mafundi waliuhitaji na radi za Florida ziliuhitaji zaidi. Linganisha na VelociCoaster, jirani yake kabisa, iliyofunguliwa rasmi Juni 10, 2021. Wiki kadhaa kabla ya hapo wageni walikuwa wameshaanza kupandishwa katika mazoezi. Mtu aliyekata tiketi ya Mei, asiyejua lolote, alipata nafasi ambayo aliyepanga kwa makini aje Juni aliipata kwa kusukumana.

Michezo mingi mikubwa ya Marekani hufunguliwa kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, shule zikifungwa: Seven Dwarfs Mine Train ilikuwa Mei 28, 2014, eneo la Pandora, Mei 27, 2017, Tiana's Bayou Adventure, Juni 28, 2024. Ukisikia tarehe ya namna hiyo, fika wiki mbili au tatu kabla yake, katikati ya wiki, si Jumamosi. Ukikosa mchezo mpya, angalau utakuwa umezikwepa foleni za likizo na mvua za alasiri zinazoanza kukolea Juni. Lakini usije ukafika miezi mitatu mapema ukitumaini makubwa. Ni kweli Expedition Everest ilianza kuonjesha wageni Januari 2006 wakati ufunguzi wake ulikuwa Aprili 7, na Mission: Space ilibeba watu tangu Agosti 2003 mpaka fataki za Oktoba 9. Hizo ni bahati za mtende. Siku hizi kampuni zimekuwa bahili, kwa sababu mtu mmoja mwenye simu huwaletea watu elfu tano kabla ya adhuhuri.

Ukishafika, tumia macho. Treni tupu zinazozunguka hazina maana kubwa. Zinaweza kuzunguka hivyo miezi mitatu. Treni zenye wafanyakazi ndani zina maana kidogo zaidi. Dalili ninayoiamini ni ya chini, si ya angani: vijana waliovaa sare mpya za mchezo ule wamesimama langoni badala ya nyuma ya ukuta, nguzo za foleni zimepangwa nje, makabati ya kuhifadhia mizigo yamewashwa taa, na mtu mwenye redio ya mkononi anatembea huku na huko akitazama saa. Ukiona na mfagiaji amepita mara mbili mahali pasipo na taka, kaa chini ufungue kamba za viatu uzifunge upya. Programu ya bustani kwenye simu yako nayo huweza kukusaidia: jina la mchezo likitokea kwenye orodha ya muda wa foleni, hata kama limeandikwa limefungwa, kuna mtu ofisini ameamka.

Kuuliza ni sanaa. Mhudumu haruhusiwi kukuahidi, na wengi hawaambiwi lolote mpaka dakika ya mwisho. Ukimuuliza, "Mnafungua leo?" atajibu sentensi aliyofundishwa. Mimi husalimu kwanza, namuuliza siku yake inakwendaje, kisha namwambia tumetoka mbali na watoto wanataka kujua kama ni vyema kula karibu au mbali. Hapo hajaombwa siri yoyote, ameombwa ushauri wa chakula. Wapo watakaosema, "Ningekuwa mimi, ningekula karibu." Wakisema hivyo, shika adabu: usipige kelele, usiwaite watu wengine, na usimtaje mtu huyo kwa mkubwa wake kwa kumsifu. Sifa yako inaweza kumgharimu kibarua.

Kamba ikiondolewa, usikimbie. Watakurudisha mwisho wa msafara, na kwenye lami ile mtoto akianguka anachunika vibaya. Tembea, familia nzima pamoja, kwa sababu kumwita shemeji aliyebaki kwenye duka la kofia ajiunge nawe mbele ya foleni huleta ugomvi wa lugha tatu. Tiketi za foleni ya haraka ulizolipia kwa kawaida hazikubaliwi kwenye majaribio, usibishane. Utaratibu wa wazazi kupokezana mtoto mdogo, mmoja akipanda mwingine akingoja na kisha kubadilishana bila kupanga foleni upya, nao huenda haujaanza kutumika. Uliza kabla ya kuingia, si baada. Na kabla hujaingia, waambieni watoto kwa uwazi kwamba mchezo unaweza kusimama wakiwa wamebakiza watu kumi mbele yao, wakaambiwa warudi nyumbani bila fidia wala pipi. Mtoto aliyeambiwa mapema huumia, lakini hashtuki.

Wekeni kikomo cha muda, na kikomo hicho kisemwe kwa sauti. Kwetu sasa ni dakika sabini. Kwenye foleni isiyo na kibao cha muda, kila dakika hushawishi ile inayofuata: nimeshakaa saa moja, nitaondokaje? Ndivyo watu wanavyozeeka wamesimama.

Kuhusu urefu, pimeni nyumbani. VelociCoaster inataka sentimita 130, TRON na Hagrid zote 122, Tiana 102. Mpwa wangu mdogo siku ile alikuwa na 118, na mchezo tuliokuwa tunaungojea ulitaka 122, jambo ambalo mimi mwenyeji sikulichunguza. Hata tungekuwepo kamba ilipoondolewa, angebaki nje na mama yake akitazama kaka yake anapaa. Nilimwambia hivyo usiku kama faraja. Haikupokelewa kama faraja.

Mkikosa, kuna mahali pa kwenda kupoza roho ambapo Mswahili hujisikia ana faida kuliko wengine. Ndani ya Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, kuna kijiji cha kubuniwa cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe. E moja imepotea njiani, sijui ilishukia wapi. Kuta zimebanduliwa chokaa kwa makusudi, mabango yana maneno ya Kiswahili, na safari ya magari ya kuona wanyama inaitwa Kilimanjaro. Hoteli ya jirani ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, na migahawa yenye majina ya Boma, Jiko na Sanaa. Dada alisoma mabango yote kwa sauti, akasahihisha mawili, na kundi la Wamarekani likamfuata likidhani ni sehemu ya burudani. Kwa nusu saa alikuwa mchezo mpya uliofunguliwa bila tangazo.

Walio Muscat, Dubai au Abu Dhabi msidhani haya ni ya Florida tu, ila kwenu tatizo huja kwa upande wa pili. Huko mara nyingi tarehe ndiyo inayokimbia. Mwaka 2016 Legoland ya Dubai ilifunguliwa Oktoba 31, lakini Motiongate, iliyo kwenye eneo hilohilo, ilisogezwa mpaka Desemba 16, na ilipofunguliwa baadhi ya michezo yake ilikuwa bado. Kwa hiyo swali lenu lisiwe kama mtaingia kabla ya siku rasmi. Ulizeni, kabla ya kulipa, ni michezo gani hasa inayofanya kazi wiki hii, na mpate jibu kwa maandishi. Mkiambiwa "karibu yote," subirini mwezi mmoja. Ninyi mna bahati ya kuwa jirani. Wenye viza za siku chache hawana huo mwezi.

Na simu. Michezo kadhaa mipya, VelociCoaster ikiwemo, ina vigundua chuma kabla ya kupanda. Simu, funguo, sarafu, vyote hubaki kabatini. Usipange kupiga picha za kumringia mtu. Ukitaka kumbukumbu, mwachie simu yule asiyepanda, asimame nje pale treni inapokata kona karibu na njia, apige picha ya watu wasiotambulika wakiwa midomo wazi. Ndizo picha tamu zaidi, kwa sababu kila mwanafamilia hudai yule mwenye uso wa hofu si yeye.

Dada anakuja tena mwakani, Mei, wiki mbili kabla ya tarehe iliyotangazwa ya mchezo mwingine. Juzi kanitumia picha ya mwimo wa mlango wa nyumba yao Mwanza, na alama ya kalamu ya risasi pembeni: sentimita 121. Nimemwandikia asithubutu kumvalisha mtoto viatu vya soli nene, maana wale vijana wa langoni hila hiyo wameshaizoea. Kajibu kwamba amemwongezea maziwa.